Mama Asilaumiwe, Mtoto Alishwe

Mtoto mdogo akivimba miguu, nywele zake zikawa nyekundu na nyepesi, tena akakosa raha ya kucheza, majirani husema amebemendwa. Mama hulaumiwa, naye kwa aibu humficha mtoto nyumbani. Wazazi, kumficha ni hatari kubwa, kwa maana huo ni ugonjwa wa utapiamlo, uitwao unyafuzi.

Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 huitwa Ghana, aliuandika kwa jina la wenyeji wa huko, Waga: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu ya mdogo wake.

Basi mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha aanzishwe vyakula, naye aendelee kunyonya hata miaka 2 au zaidi. Uji mtupu haumtoshi. Utiwe maziwa, au karanga zilizosagwa, au unga wa dagaa. Mayai na maharagwe yaliyopondwa pia humfaa. Baba asisahau kuweka fedha ya vyakula hivi, na majirani wamsaidie mama badala ya kumcheka. Aliyekwisha kuvimba apelekwe hospitali siku ile ile.