Kuhamishwa si adhabu: mtumishi wa umma akikiuka maadili hufanywa nini?

Swali hili tumelipokea mara nyingi kwenye kipindi. Mtendaji alidai fedha ili agonge muhuri, wananchi wakalalamika, na baada ya miezi miwili akahamishiwa kata nyingine. Je, hiyo ndiyo adhabu yake?

Hapana. Uhamisho ni utaratibu wa kawaida wa kazi. Hata kusimamishwa ili uchunguzi ufanyike bado si adhabu, maana mtuhumiwa hajapatikana na kosa.

Adhabu zenyewe zinategemea mtu ni nani na amefanya nini.

Kwanza, viongozi. Waziri, mbunge, mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri na hata diwani wanabanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Kiongozi anatakiwa kutangaza mali na madeni yake anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka na anapoondoka. Akificha mali au akitumia cheo kujinufaisha, Sekretarieti ya Maadili humchunguza, na shauri lake linaweza kufika Baraza la Maadili. Anaweza kupewa onyo, kushushwa cheo, kusimamishwa, kufukuzwa au kushauriwa ajiuzulu.

Pili, watumishi wa kawaida, kama mwalimu, muuguzi au mtendaji wa kijiji. Hawa hushughulikiwa na mamlaka zao za nidhamu. Kosa dogo huleta onyo au karipio. Kosa kubwa linaweza kumshusha cheo, kumpunguzia mshahara au kumfukuzisha kazi. Kabla ya hapo lazima apewe mashtaka kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Asiporidhika, anaweza kukata rufaa.

Tatu, rushwa. Hapa kuna jinai, na cheo hakimkingi mtu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inampeleka mhusika mahakamani, ambako kuna faini, kifungo au vyote viwili. Kudai ngono ili kutoa huduma nako ni kosa chini ya sheria hiyo.

Jambo moja tusilisahau: anayetoa rushwa naye ana kosa. Ukiombwa, toa taarifa kabla hujatoa fedha. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU.

Malalamiko ya nidhamu dhidi ya mtendaji wa kijiji yapeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Yaandike: tarehe, mahali, kiasi ulichodaiwa, na nani alikuwepo. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya kijiweni hayamfikishi mtu popote, ila barua yenye muhuri ni lazima mtu aijibu.

Na ukiambiwa, "Tumeshamhamisha," uliza tena kwa upole: shauri lake limeishia wapi? Huko alikohamia nako kuna watu wanaohitaji muhuri.