Unataka uso usizeeke? Jua kazi ya krimu na kazi ya kisu

Ukiwa kijana wa Kipungani, kule ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu, uso wako unapigwa na jua mara mbili: kutoka juu na kutoka chini. Kijiji kiko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na riziki nyingi ziko nje, baharini na ufuoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mchanga mkavu wa pwani hurudisha takriban asilimia 15 ya miale ya UV, na povu la bahari asilimia 25. Kofia ya vito, hata ishonwe kwa ustadi gani, haina ukingo. Inafunika utosi, uso inauachia jua.

Sasa fungua simu. Video tatu tu, na ushaahidiwa sindano ya kufuta makunyanzi na kurudisha miaka kumi. Wewe mwenyewe una miaka 24! Kabla hujaanza kuchanga pesa, elewa kwanza kitu gani kinafanya nini.

Uso unazeeka kwa tabaka

Tabaka la kwanza ni ngozi yenyewe. Miale ya jua huvunja kolajeni, ile nyuzi inayoishika ngozi ikakaza. Miale ya UVA hupenya mawingu na hata kioo cha gari, kwa hivyo siku ya mawingu si siku ya mapumziko. Chini ya ngozi kuna mafuta yanayopungua na kushuka, misuli inayokunja uso kila ukicheka au ukikodoa macho, na mifupa inayopungua taratibu.

Ngozi nyeusi ina bahati yake. Melanini ni kinga ya asili, ndiyo maana mikunjo midogo kwetu huchelewa kuliko kwa Wazungu. Lakini kinga hiyo haitoshi peke yake. Dalili zetu za mapema ni madoa meusi na rangi isiyolingana, kisha kulegea chini ya macho, mashavu, na ule mstari utokao puani hadi mdomoni.

Krimu haivuti, kisu hakisafishi

Hapa ndipo wengi wanapoliwa pesa. Tiba za juu ya ngozi, kama dawa za jamii ya retinoidi, kuchubua kwa asidi na leza, hushughulikia madoa, mikunjo midogo na ukavu. Sindano ya Botox, iliyoidhinishwa Marekani kwa mikunjo ya kati ya nyusi mwaka 2002, hulegeza misuli kwa takriban miezi 3 hadi 4 tu. Fila hujaza mahali palipobonyea.

Lakini hakuna krimu itakayoinua shavu lililoning'inia. Hiyo ni kazi ya upasuaji wa kuinua uso. Madaktari wa mwanzo walikuwa wakivuta ngozi tu. Mwaka 1976, Mitz na Peyronie wa Ufaransa walieleza tabaka imara la utando na misuli lililo chini yake, na tangu hapo madaktari wengi hukaza tabaka hilo ili ngozi isivutike kama ya ngoma.

Hata hivyo, mwenye madoa akiinuliwa uso hubaki na madoa yaleyale, ila yamepanda juu kidogo. Ndiyo sababu wataalamu huunganisha njia zote mbili, na wanaoelewa hawafanyi pupa. Wiki kadhaa kabla, ngozi hutayarishwa kwa dawa na krimu ya kukinga jua. Kisha hufuata kisu. Kuchubua kwa nguvu au leza kali juu ya ngozi iliyoinuliwa mara nyingi husubiri kidonda kipone, kwa kuwa ngozi iliyobanduliwa hubaki na damu kidogo. Ukiichoma wakati huo, inaweza kufa. Mvuta sigara yuko hatarini zaidi, kwa sababu nikotini hubana mishipa. Daktari makini atakutaka uache wiki kadhaa kabla.

Hatari zetu

Ngozi nyeusi hulipiza kisasi. Leza isiyofaa au asidi kali inaweza kukuachia doa jeusi kuliko lile ulilotaka kuliondoa. Makovu yetu pia huwa rahisi kuota na kuwa keloidi, kwa hivyo mwambie daktari kama kwenu yapo.

Na kama umekuwa ukipaka mkorogo, useme. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba na kuchelewesha kidonda kupona. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka. Zebaki huharibu figo. Mkataba wa Minamata, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwa milioni. Bado vinapatikana madukani.

Mkono wa nani?

Usidhani upasuaji wa plastiki ulifika kwetu kwa ajili ya mapambo. AMREF ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa fani hiyohiyo: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alikuwa ameunda upya nyuso za marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Rees alisifika New York kwa kuinua nyuso za watu. Fani ni moja, iwe ni kwa aliyeungua au kwa anayetaka kupendeza. Kwa hivyo mtu aliyejifunza sindano wikendi moja saluni si mwenzao.

Fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Muulize anayekudunga: dawa ya kuiyeyusha iko hapa? Akibabaika, ondoka. Jina la daktari na kituo chake yatafute kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC.

Kwa anayetoka visiwani kuna hesabu nyingine. Tatizo la kawaida zaidi baada ya kuinua uso ni damu kuvilia chini ya ngozi, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za mwanzo. Ukishapanda basi la kurudi Mokowe na kisha boti, daktari wako yuko mbali. Kama bajeti haina siku za kulala karibu na hospitali, basi bado haijatosha.

Anza na hiki

Ukiwa na miaka 20 na kitu, huhitaji kisu. Paka krimu ya SPF 30 au zaidi asubuhi, na urudie kila saa mbili ukiwa baharini. Achana na sigara. Liwa ya bibi inaburudisha, lakini usiitegemee kuzuia jua. Na Kipungani inajulikana kwa ususi wa mikeka: mikono hiyohiyo haishindwi kukusukia pama lenye ukingo mpana. Livae leo, kabla ya kuwaza leza.