Nyumba Bila Njia

Mtu aingiaye Sumbawanga kwa barabara ya Tunduma huyaona mabati kabla hajauona mji. Yang'aa kando kando kote, na kila mwaka huongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 200,000 katika Manispaa hiyo. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 300,000.

Twajua nyumba hizo zilivyopatikana. Mavuno yakishaingia ghalani, baba na wanawe huchimba udongo papo hapo kiwanjani, hufyatua matofali, huyaanika, kisha huyapanga tanuru na kuyachoma kwa kuni usiku na mchana. Msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati siku mahindi yatakapopata bei. Katika uwanda huu wa Ufipa, ulioinuka zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari, ambako baridi ya Juni na Julai huingia mifupani, nyumba ya tofali si anasa. Mfanyakazi aliyeijenga kwa kujinyima astahili heshima.

Neno letu si juu ya nyumba, bali juu ya nafasi iliyo baina ya nyumba na nyumba.

Wafipa wa zamani nao walijenga karibu karibu, mashamba yao ya matuta, yaliyofunika majani yaoze yawe mbolea, yakiwa nje ya kijiji. Lakini nyumba ya miti na nyasi ikiziba njia ilibomolewa na kusimamishwa kwingine. Ya tofali haihami. Leo shamba la kando ya mji hukatwa vipande, kila mnunuzi hujenga hadi ukingo wa kipande chake, na nyumba ya kumi isimamapo, njia iliyobaki haipitishi hata mkokoteni. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hana budi kubebwa mpaka gari lilipo. Jeneza huinuliwa juu ya ua wa jirani. Na lile shimo lililotoa matofali, ambalo hakuna aliyekumbuka kulifukia, hujaa maji tangu Novemba hadi Aprili, na watoto hucheza ukingoni.

Watu husema: mpima ardhi atakuja. Naam, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo, na kazi ya urasimishaji imefanyika katika miji mingi. Lakini mpimaji ajaye nyuma ya mwashi hana ardhi ya kugawa. Huwaomba wenyeji waachie hatua mbili tatu za ua, mara nyingi bila fidia, na aliyejenga ukingoni huvunjiwa choo au jiko. Hasara hiyo humwangukia mnyonge, aliyemaliza akiba yake yote katika ukuta ule.

Ndugu zetu, utaratibu wa nyumba kumi kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ili majirani wapate mahali pa kusemezana mambo kama haya. Mabalozi wangaliko, na wenyeviti wa mitaa wako. Yawapasa kuwaita wenye vipande kabla ya msimu wa kufyatua, muuzaji wa shamba naye awepo, wapite pamoja na kamba na vigingi, wakubaliane gari litapita wapi, maji ya mvua yataelekea wapi, na udongo wa matofali utachimbwa wapi. Kazi hiyo yataka asubuhi moja tu, shamba likiwa bado na mabua.