Kafara ya Mwingine na Sadaka ya Nafsi

Makanisa ya mikoa yetu ya Shinyanga na Geita hujaa kila Jumapili. Kutoka Kishapu hadi Chato, na kutoka Kahama hadi Nyarugusu, wananchi wengi wana majina ya ubatizo, wamefunga ndoa mbele ya padri au mchungaji, na siku yao ikifika watazikwa chini ya msalaba. Hilo ni jambo la heri nasi tunaliheshimu. Lakini leo tunataka kuuliza swali ambalo daftari la ubatizo haliwezi kulijibu: mnyonge anayeishi jirani na Mkristo anapata kinga gani kwa sababu jirani yake ni Mkristo?

Hatuulizi kwa kejeli, wala hatujifanyi walimu wa dini isiyokuwa yetu. Sisi tulianzia chuo cha Kurani ndipo tukaingia shule ya Serikali, na katika Chama tumerithi msimamo wa Mwalimu Julius Nyerere kwamba dola haina dini ila raia wana dini zao. Mwalimu mwenyewe, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, hakuuchukua msimamo huo kuwa ni kufuli la mdomo. Tarehe 16 Oktoba 1970 aliwahutubia masista wa Maryknoll kule New York, na shirika lao la mapadri wakati huo lilikuwa likifanya kazi hapa hapa Shinyanga. Aliwaeleza kwamba Kanisa lisiloshiriki mapambano ya wanyonge dhidi ya yale yanayowadhalilisha litahesabiwa kuwa upande wa wanaowadhalilisha. Maadam kiongozi wa nchi aliweza kulisema hilo mbele ya watawa, nasi yafaa tuliseme mbele ya majirani zetu.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, shahidi ni mtu anayesimama mahakamani kueleza alichokiona. Na shahidi ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Tumelipata neno hilo kutoka Kiarabu, ambako maana hizo mbili zimetoka katika shina moja. Katika Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya, mambo ni yale yale: neno la shahidi wa kesi ndilo lililokuja kuwa neno la mfia dini. Watu wa kale walifahamu kwamba anayesema kweli mbele ya wenye nguvu yamkini akalipa kwa uhai wake.

Historia ya jambo hili haiko mbali nasi. Mwaka 1882 mapadri wa shirika la White Fathers waliondoka Buganda, wakavuka ziwa, wakaweka makao yao Bukumbi, katika nchi ya Wasukuma, hadi waliporejea Buganda mwaka 1885. Kwa hiyo Kanisa la Usukumani na Kanisa la Uganda ni watoto wa nyumba moja. Baada ya kurejea kwao ndipo yalipotokea mauaji yanayokumbukwa kila tarehe 3 Juni. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, wengi wao wakichomwa moto pale Namugongo mwaka 1886. Wale Wakatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Wala ardhi ya Namugongo haikulowa damu ya Wakristo peke yao. Miaka kama kumi kabla yao, wakati wa Kabaka Mutesa, vijana wa Kiislamu waliuawa huko huko kwa sababu walikataa kula nyama iliyochinjwa kinyume cha sharia ya dini yao.

Karibu na siku zetu alitokea Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na dhuluma walizokuwa wakitendewa raia. Tarehe 16 Februari 1977 akauawa, na watawala wakadai kwamba amekufa katika ajali ya gari. Luwum hakuwa akitetea jengo la kanisa. Alikuwa akiwatetea watu waliokuwa wakichukuliwa usiku wasirudi tena. Na hawa wote tuliowataja, Wakristo kwa Waislamu, wanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyetoa uhai wa mtu mwingine. Kila mmoja alitoa wa kwake.

Sasa tulinganishe hayo na biashara inayoendeshwa gizani katika ukanda wetu wa dhahabu. Mchimbaji mdogo anashuka katika duara bila mtaalamu wa miamba wala kipimo. Huyu anafukua miezi sita asipate kitu. Yule aliye hatua ishirini kutoka kwake anapata mwamba wenye dhahabu katika wiki moja. Penye bahati nasibu kubwa namna hiyo, mpiga ramli hakosi wateja. Tapeli huyo anapomwambia mteja wake kwamba dhahabu inataka kafara, hamwambii ajitoe yeye. Humwelekeza kwa mtu mwingine, na daima mtu huyo ni mnyonge.

Hivyo ndivyo walivyowindwa ndugu zetu wenye ualbino, hasa kuanzia mwaka 2007, kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Umoja wa Mataifa umehesabu zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa nchini mwetu tangu mwaka 2000. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Mwezi Machi 2015 watu wengine wanne walihukumiwa kifo kwa mauaji ya mwanamke yaliyofanyika Geita mwaka 2008, yaani haki ilichukua miaka saba kufika. Asije mtu akasema hayo ni mambo ya zamani, kwani mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa Muleba, mkoani Kagera.

Hali kadhalika wameuawa vikongwe kwa tuhuma ya uchawi, na ushahidi uliotolewa dhidi yao ni macho mekundu. Lakini macho hayo yalifanywa mekundu na nini? Katika Shinyanga miti ilifyekwa kwa wingi ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Kuni zikaadimika, na akina mama wakapikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba katika vibanda visivyopitisha hewa. Ndiyo maana Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, na ngitili zetu zikaanza kurudi. Macho mekundu ya bibi kizee ni alama ya miaka arobaini ya kuwapikia watoto na wajukuu. Anayemhukumu kwa macho hayo anamhukumu kwa sababu alimlisha. Na mara nyingi, ukichunguza tuhuma hiyo, utakuta nyuma yake kuna shamba ambalo mtu amechoka kulisubiri.

Dini zetu mbili zina kisa kimoja kuhusu Nabii Ibrahimu na mwanawe. Waislamu hukikumbuka katika Idi ya kuchinja, Wakristo hukisoma katika Biblia. Mwisho wake ni kwamba mkono wa baba ulizuiwa na kondoo akachinjwa badala ya mtoto. Tangu hapo mwenye kushika kitabu chochote kati ya hivyo viwili hana ruhusa ya kuagiza damu ya binadamu kwa ajili ya haja yake. Mtu anayetoka kanisani na rozari, au msikitini na tasbihi, akaenda kulipia kiungo cha mwenzake, ameziacha dini zote mbili. Mkristo ana dai zito zaidi juu yake, kwa sababu imani yake yote imesimama juu ya Mmoja aliyejitoa mwenyewe kwa ajili ya wengine. Awezaje basi kutafuta baraka kwa njia iliyo kinyume kabisa cha hiyo?

Lakini wauaji ni wachache. Wengi wetu kosa letu ni jingine, nalo ni kunyamaza. Mwezi Machi 2009 Serikali iliendesha kura za siri ili wananchi wawataje wanaoshukiwa kwa mauaji haya. Tujiulize kwa nini ilibidi kura ziwe za siri. Ni kwa sababu mambo yaliyojulikana kijijini hayakupata watu wa kuyasema mahakamani. Mpelelezi akifika, kila mtu alikuwa safarini siku ile, au alikuwa amelala, au hakusikia mbwa wakibweka.

Hatudharau hofu hiyo. Anayetoa ushahidi katika vijiji vyetu anaweza kutengwa: asisalimiwe, asiazimwe jembe, na akifiwa asipate watu wa kuchimba kaburi. Nyumba yake inaweza kuchomwa. Ndiyo maana tunasema kwamba hapo ndipo penye sadaka ya siku zetu. Mkristo wa Shinyanga leo hatishwi na Kabaka wala haulizwi na askari kama anamkana Kristo. Anaulizwa na karani wa mahakama: ulimwona nani usiku ule? Jibu lake ndilo kiri yake ya imani.

Wapo waliotangulia kuonyesha njia. Hospitali ya Kolandoto ilianzishwa na wamisionari wa African Inland Mission mwaka 1913, na kwa zaidi ya karne moja imewatibu wagonjwa bila ya kuuliza dini zao. Baadaye, hofu ya mauaji ilipoenea, shule ya Serikali ya Buhangija mjini Shinyanga iliwapokea watoto wengi wenye ualbino, na watu wa dini zote wakapeleka chakula na nguo. Lakini tusijisifu mno kwa uzio wa Buhangija. Ulikuwa wa lazima, ila kila mtoto aliyepelekwa pale alikuwa hati ya mashtaka dhidi ya kijiji alichotoka, kwamba humo hamkupatikana nyumba kumi za kumlinda.

Aidha, wako watu wanaodhani kwamba kusimamia dini ni kushindana na dini nyingine. Mwezi Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa buchani uligeuka kuwa vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Sisi tuliosomea chuoni tunasema waziwazi kwamba damu ile haikuuletea Uislamu heshima yoyote. Wale vijana wa Namugongo walikataa nyama, wakafa, na hawakumgusa mtu. Kati yao na mtu anayeua kwa ajili ya nyama kuna umbali wa mbingu na ardhi. Na Mkristo naye asidhani kwamba utambulisho wake ni bucha, au kipaza sauti kikubwa kuliko cha msikiti.

Je, lifanyike nini? Wakatoliki wanazo jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa msingi wa kazi yao katika miaka ya 1970. Madhehebu mengine nayo yana vikundi vyao vya sala vya nyumba kwa nyumba. Sisi wa Chama tunaufahamu mpangilio huo, kwa sababu ndio wa shina na mjumbe wa nyumba kumi. Nyumba zinazosali pamoja zinajuana: zinajua bibi gani ameanza kusemwa vibaya, na mgeni gani ameuliza habari za mtoto gani. Kazi ya kwanza ya jumuiya iwe kumzunguka huyo anayesemwa. Watu wakipokezana kulala nyumbani kwake na kula naye hadharani, tuhuma itakosa pa kushika. Kazi ya pili ni kumsindikiza shahidi. Aende mahakamani na watu kumi wa jumuiya yake, wamchangie nauli, na wakati hayupo wampalilie shamba. Kijiji hakiwezi kuzitenga nyumba kumi kwa pamoja. Kazi ya tatu ni kumjengea kila kikongwe jiko lenye bomba la kutolea moshi. Hilo halihitaji mfadhili kutoka Ulaya, linahitaji udongo na Jumamosi moja.

Tunajua watakaosema kwamba kumlinda shahidi ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na Serikali isisahaulishwe wajibu huo, kwani iko Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Lakini sheria hailali katika nyumba ya bibi kizee, wala haiazimi jembe. Jirani ndiye anayeweza kufanya hivyo. Na tunayoyasema kwa Wakristo tunayasema kwa Waislamu wenzetu pia, na kwa wanachama wa Chama wanaotaja usawa wa binadamu mkutanoni, kisha wakanyamaza mbele ya mpelelezi.

Siku ambayo karani wa mahakama, Kahama au Geita, atakapoita jina la shahidi na mtu huyo akasimama, huku benchi nzima nyuma yake imekaliwa na majirani waliosali naye, ndipo tutakapojua kwamba Ukristo umefika vijijini mwetu.