Mbwembwe za simu mpya huweza kuiponza

MNAMO Juni 2014, kampuni ya Amazon ya Marekani ilizindua simu yake ya kwanza, Fire Phone. Kivutio chake kikuu kilikuwa kamera nne zilizowekwa kwenye pembe za upande wa mbele. Kamera hizo zilifuatilia kichwa cha mtumiaji, na kila alipokisogeza, picha kwenye kioo zilionekana kuwa na kina.

Wengi walistaajabu, lakini kwa muda mfupi tu. Teknolojia hiyo haikurahisisha kupiga simu, kutuma ujumbe wala kusoma habari. Isitoshe, simu hiyo haikuwa na duka la programu la Google, hivyo programu nyingi zilizozoeleka zilikosekana.

Bei yake ilikuwa dola 199 kwa mkataba wa miaka miwili. Kufikia Septemba mwaka huo ilishushwa hadi senti 99. Mnamo Oktoba, Amazon ilitangaza hasara ya dola milioni 170, hasa kutokana na simu hiyo. Mwaka wa 2015 ikaacha kuiuza.

Hata hivyo, si kila kivutio ni pambo. Samsung ilipoleta Galaxy Note mwaka wa 2011, wapo walioibeza kalamu yake. Kalamu hiyo ilidumu kwa kuwa ilimwezesha mwenye simu kuandika na kuchora kwa urahisi.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kutoa fedha zake, mnunuzi ajiulize: Je, baada ya mwezi mmoja nitakuwa ningali nakitumia kivutio hiki?