Nyutrino Zilivyohesabiwa Bila Kuonekana

Oktoba 1989, wanasayansi wa maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walitangaza jibu la swali lililowasumbua wanafizikia kwa miaka: nyutrino ziko aina ngapi? Ni tatu. La ajabu ni kwamba walizihesabu bila kuiona hata moja.

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji, nyepesi kupita kiasi, na kwa kawaida hupenya miamba na vyombo vya maabara bila kuacha alama. Ndiyo maana wataalamu waliichunguza chembe nyingine, Z, ambayo ikivunjika huweza kuzaa nyutrino.

Z ilitengenezwa kwa kugonganisha elektroni na positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Mtambo wa LEP ulizizungusha chembe hizo kwa kuelekeana, ndani ya handaki lenye mzingo wa kilomita 27, wastani wa mita 100 chini ya ardhi. Zikikutana huangamizana, na jumla ya nishati yao ikikaribia elektronivolti bilioni 91, Z huzaliwa kwa wingi. Mgongano huu ni safi: nishati inayoingia inajulikana barabara, hivyo kinachotoka kinaweza kukaguliwa.

Z huvunjika papo hapo. Takriban mara 70 katika kila 100 hutoa chembe ziitwazo kwaki. Mara 10 hutoa elektroni, muoni au tau, kila moja na pacha wake. Zote hizo hunaswa na vigunduzi. Mara 20 zilizosalia hutoa nyutrino, na vigunduzi havionyeshi chochote.

Fikiria pipa: lenye matundu mengi huisha maji upesi. Ukijua kasi ya maji kupungua, na ukijua matundu unayoyaona, utatambua kama yapo yaliyojificha. Ndivyo ilivyo kwa Z: kila njia ya ziada ya kuvunjika huyafupisha maisha yake. Hakuna saa ya kupima muda mfupi kiasi hicho, lakini kanuni za kwanta zinasema kwamba kadiri chembe inavyoishi muda mfupi, ndivyo tungamo lake linavyotawanyika zaidi. Basi watafiti walibadilisha nishati hatua kwa hatua, kati ya elektronivolti bilioni 88 na 94, wakihesabu Z kila hatua na kuchora mchoro wenye umbo la kilima. Aina ya nne ya nyutrino ingekipanua kilima hicho na kukishusha kilele chake.

Kazi hiyo ilidai umakini wa hali ya juu. Mwezi, ule ule unaojaza na kupwesha bahari, uliuvuta mwamba na kubadilisha mzingo wa mtambo kwa takriban milimita moja, na nishati ikabadilika. Umeme uliovuja kutoka reli za treni nao uliathiri sumaku za mtambo. Yote hayo yalipimwa na kurekebishwa.

Katika miaka iliyofuata, baada ya kukusanya Z zipatazo milioni 17, vikundi vinne vya watafiti wa LEP vilipata idadi ya aina za nyutrino kuwa 2.984, kwa shaka ya 0.008 tu. Nyutrino ya nne ya kawaida, iliyo nyepesi kuliko nusu ya Z, haipo.

Nyutrino ya tatu, ile inayoambatana na tau, ilionekana moja kwa moja mwaka 2000 katika maabara ya Fermilab, Marekani. Hesabu ya LEP ilikuwa imeitangulia kwa zaidi ya miaka kumi.