Istilahi za UKIMWI na Maarifa ya Msichana Nchini Kenya

Maarifa ya msichana aliyebalehe juu ya UKIMWI aghalabu hupimwa kwa maswali: ugonjwa huenea kwa njia zipi, na kinga yake ni nini? Asipojibu sawasawa, lawama hutupiwa shule, wazazi, umaskini au mila. Hapana shaka kwamba mambo hayo yote yana nguvu. Lakini lipo jambo jingine ambalo wataalamu wa lugha wangetarajiwa kulitazama kabla ya wengine, nalo ni yale maneno yenyewe ambayo msichana hupewa ayatumie katika kufikiri.

Neno UKIMWI, lililozuka katika miaka ya 1980, ni mojawapo ya akronimu zilizofaulu mno katika Kiswahili. Silabi yake ya kwanza ililiingiza moja kwa moja katika ngeli ya U, hata watu wakasema "UKIMWI umeenea" kama wasemavyo "ugonjwa umeenea", bila kujali kwamba hiki ni kifupisho. Urefusho wake, hata hivyo, haukutulia. Wengine husema Upungufu wa Kinga Mwilini, wengine Ukosefu. Tofauti hiyo si ndogo. Kilichopungua huweza kuongezwa, kilichokosekana hakipo.

Tatizo kubwa zaidi limo katika VVU, yaani Virusi vya UKIMWI. (Umoja wake, kirusi, unafanana na jina la lugha ya Warusi, lakini hilo ni la kuchekesha tu.) Katika istilahi hiyo kirusi kimepewa jina la ugonjwa, ilhali ugonjwa ni hatua ya mwisho ambayo mwenye virusi huweza asiifikie kamwe akitumia dawa. Kwa hiyo msichana aliyezaliwa na virusi, anayekunywa dawa zake kila siku na ambaye virusi havionekani tena katika kipimo cha damu, bado huitwa "mwenye UKIMWI" na wanafunzi wenzake. Kitabibu, mtu wa hali hiyo hawezi kumwambukiza mwenziwe kwa kujamiiana. Kimsamiati, amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wanaokufa. Hao wenzake hawasemi hivyo kwa ukatili. Wanafuata mantiki ya neno walilofundishwa.

Tasfida nayo ina madhara yake. Katika Kenya watoto wengi hulisikia tendo la kujamiiana likiitwa "tabia mbaya", na maradhi yanayotokana nalo yakiitwa "magonjwa ya zinaa". Zinaa, kwa maana yake ya asili, ni tendo la nje ya ndoa. Yafuata kwamba msichana aliyeozwa akiwa na miaka 16 ana kila sababu ya kilugha ya kujiona yu salama, maana alilo nalo ni ndoa, wala si zinaa. Utafiti uliofanywa Kisumu, na Ndola nchini Zambia, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004, ulionyesha kinyume: wasichana walioolewa walikuwa na maambukizo mengi kuliko wenzao wasioolewa waliokwisha kuanza kujamiiana. Waume zao walikuwa wakubwa kwao kwa umri, na kondomu ilikuwa nadra ndani ya ndoa.

Huko huko Nyanza msichana hukutana na msamiati mwingine tena. Katika Kidholuo, chira ni maradhi ya kukonda yampatayo aliyevunja miiko, au jamaa zake. Dalili zake hukaribiana na za UKIMWI. Ayaki, jina lililozuka baadaye, huhusishwa na kitenzi chenye maana ya kupora. Bibi akisema chira na mwalimu akisema UKIMWI, msichana hachagui baina ya ujinga na elimu kama wengi wadhanivyo. Anachagua baina ya nadharia mbili za chanzo, na ile ya bibi ndiyo iliyo katika lugha anayoielewa kwa ukamilifu.

Jambo la kutia moyo latoka magharibi mwa Kenya. Katika jaribio lililoanza mwaka 2004, mwanauchumi Pascaline Dupas alilinganisha shule za msingi. Kufundisha walimu mtaala wa kujiepusha hakukupunguza mimba. Lakini pale wasichana walipoonyeshwa, katika kipindi cha dakika 40, viwango vya maambukizo kwa kadiri ya umri wa wanaume, mimba zilipungua kwa asilimia 28. "Wanaume" kwa ujumla walikuwa wamegawanyika katika makundi yaliyoweza kutofautishwa. Nchini Tanzania kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa neno moja: kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 ilimwita mzee anayewanyemelea wasichana "fataki", na neno hilo likaingia mitaani, likatumiwa na wasichana wenyewe kumzomea mtu wa aina hiyo mbele ya watu. Hakuna kamati ya istilahi iliyolisanifu.